Az-Zahrawi, tabibu wa Cordoba aliyefundisha kung'oa jino kwa hadhari



Ijumaa mbili zilizopita tulikuwa Bombambili, mjini Songea. Baada ya swala, watu walipokuwa wakitawanyika, bibi mmoja alituita kando akatueleza haja yake. Mjukuu wake, kijana wa miaka 22, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kutoa magego mawili ya mwisho ya taya la chini, yale ambayo matabibu huyaita meno ya hekima, na Waarabu huyaita magego ya akili kwa kuwa huota mtu akiwa tayari mtu mzima. Ilikuwa siku ya tatu tangu upasuaji. Shavu lilikuwa limevimba, kinywa hakifunguki ila kwa upana wa kidole, na usiku kijana halali.

Jamaa yao aliyeko Dar es Salaam alikuwa amepiga simu kuwaeleza kwamba kuna tiba ya mwanga: mgonjwa humulikwa mwanga mwekundu kwenye shavu na ndani ya kinywa, kidonda kikapona upesi. Ili kugharimia safari na tiba hiyo, bibi angelazimika kuuza magunia ya mahindi ambayo ndiyo akiba ya nyumba hadi mavuno yajayo. Na hilo halikuwa peke yake. Mjukuu wake wa pili, kwa kuyaona mateso ya mwenzake, alikuwa ameapa kwamba jino lake linalouma hatalipeleka hospitali. Atalipeleka kwa mtu wa mtaani mwenye koleo.

Bibi alituuliza mambo mawili. La kwanza, je, mwanga huo ni tiba ya kweli au ni biashara? La pili, je, wanavyuoni na matabibu wetu wa zamani waliwahi kuyashughulikia maradhi ya meno, au elimu hii yote imetoka Ulaya? Tulimshauri kwanza amrudishe kijana kwa tabibu aliyemfanyia upasuaji ili aangaliwe, kisha tukamuahidi kwamba maswali yake tutayajibu katika ukurasa huu, ili na familia nyingine zinufaike. Leo tunaitimiza ahadi hiyo, na jibu letu tunaliweka ndani ya maisha ya mtu mmoja aliyefariki zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Mji uliompa jina

Jina lake ni Abul-Qasim Khalaf ibn Abbas Az-Zahrawi. Wanahistoria wengi wanakadiria kuwa alizaliwa mwaka 936 Miladia, sawa na mwaka 324 Hijria, na nasaba yake hutajwa kurejea kwa Ansari, wale watu wa Madina waliompokea Mtume (S.A.W.). Nisba ya Az-Zahrawi imetokana na Madinatuz-Zahra, mji wa kifalme ulioanza kujengwa mwaka huohuo wa 936 kwa amri ya Khalifa Abdur-Rahman wa Tatu, kiasi cha kilomita nane magharibi ya Cordoba, katika nchi ya Andalus ambayo leo ni sehemu ya Hispania.

Cordoba ya zama hizo ilikuwa miongoni mwa miji mikubwa kabisa ya dunia. Khalifa Al-Hakam wa Pili, aliyetawala kuanzia mwaka 961 hadi 976, alikuwa mpenzi wa vitabu kiasi cha kutuma watu hadi Baghdad, Cairo na Damascus kuvinunua na kuvinakili. Katika mazingira hayo ndimo Az-Zahrawi alimokulia, akasoma, akatibu na kufundisha. Inatajwa kwamba alikuwa tabibu wa nyumba ya ufalme. Hata hivyo kitabu chake kinamwonyesha pia akiwahudumia watu wa kawaida: watumwa, wanavijiji, wanawake na watoto.

Habari za mke wake, watoto wake na nyumba yake hazikutufikia. Waandishi wa Andalus waliomtaja, kama vile Ibn Hazm aliyekisifu kitabu chake na Al-Humaydi aliyekuja baadaye, walimtaja kwa maneno machache. Lakini aliacha kitabu, na ndani ya kitabu hicho tunamwona mtu huyo waziwazi kuliko wafalme wengi waliojengewa minara.

Kitabu cha miaka hamsini

Kitabu hicho kinaitwa At-Tasrif, na alikikamilisha karibu na mwaka 1000 Miladia, baada ya kiasi cha nusu karne ya kutibu. Kina sehemu 30. Nyingi kati ya hizo zinahusu maradhi, vyakula na namna ya kuchanganya dawa. Sehemu ya 30, iliyo ya mwisho, ndiyo iliyomtangaza duniani, nayo ni ya upasuaji.

Sehemu hiyo aliigawa katika milango mikuu mitatu. Wa kwanza ni wa kuchoma kwa chuma cha moto, kuanzia kichwani hadi miguuni. Wa pili ni wa kupasua, kutoboa, kushona vidonda, kutoa mishale mwilini na kuumika damu. Wa tatu ni wa kuunga mifupa iliyovunjika na kurudisha viungo vilivyotenguka. Ndani yake alichora picha za vyombo vya kazi kiasi cha 200: visu, makoleo, misumeno midogo, sindano, ndoano na vyuma vya kuchomea. Hakuna kitabu cha tiba cha kabla yake kinachojulikana kuwa na picha nyingi za vyombo vya upasuaji kiasi hicho. Alitaka mwanafunzi aliye mbali aweze kumwonyesha mhunzi picha ile, naye akafua chombo chenyewe.

Wanafunzi wake aliwaita watoto wake. Kwao aliandika kwa upole wa mzazi na kwa ukali wa mzazi pia. Aliwaambia kwamba elimu ya upasuaji imekaribia kutoweka katika nchi yao, kwa sababu watu wanashika kisu bila kusoma umbile la viungo, mifupa, neva na mishipa ya damu. Akawasimulia aliyoyaona kwa macho yake. Alimwona tabibu asiye na elimu akipasua uvimbe shingoni mwa mwanamke, akakata mishipa ya damu, na mwanamke yule akatokwa na damu mpaka akafa mikononi mwake. Alimwona mwingine akimtoa mzee jiwe la kibofu lililokuwa kubwa, akalitoa pamoja na kipande cha kibofu, na mzee hakumaliza siku nyingi. Masimulizi hayo aliyaweka mwanzoni kabisa mwa sehemu ya upasuaji ili kijana ayasome kabla hajashika chombo chochote.

Yapo pia masimulizi ya furaha. Kijakazi mmoja alijikata koo kwa kisu, akakata sehemu ya njia ya hewa. Az-Zahrawi aliitwa, akamkuta pumzi inatokea kwenye jeraha, lakini akaona kwamba mishipa mikubwa haikukatwa. Alilishona jeraha, akalitibu siku baada ya siku, na kijakazi akapona, asibakiwe na dosari ila sauti kukwaruza. Kutokana na hilo akawafundisha wanafunzi wake kwamba jeraha la njia ya hewa linaweza kupona. Elimu yake ilitokana na vitabu vya waliomtangulia, na ilitokana vilevile na kutazama kwa makini kile kilichokuwa mbele yake.

Mlango wa meno

Sasa tuje kwenye swali la pili la bibi yetu wa Bombambili. Az-Zahrawi aliyashughulikia meno kwa kina ambacho hata tabibu wa leo hukistaajabia.

Alianza na usafi. Alieleza kwamba ukoga unaoganda kwenye meno, wa njano, kijani au mweusi, huharibu fizi. Akafundisha namna ya kumlaza mgonjwa kichwa kikiwa pajani mwa tabibu, kisha kuukwangua ukoga huo jino baada ya jino, na kama haukwisha siku moja, kurudia siku ya pili na ya tatu. Alichora vyombo kadhaa vya kukwangulia, kila kimoja kwa umbo lake, kwa kuwa chombo kinachofika nje ya jino hakifiki ndani yake wala baina ya jino na jino.

Kuhusu kung'oa, jambo la kwanza aliloliamuru lilikuwa kutokung'oa. Aliona jino kuwa kitu chenye thamani ambacho likishaondoka halina badala yake, basi tabibu ajaribu kila dawa kwanza na asifanye haraka. Ikiwa hapana budi, alimtaka tabibu ahakikishe ni jino lipi hasa lenye ugonjwa. Maumivu, alieleza, humdanganya mgonjwa: yeye huelekeza kidole kwenye jino zima, likang'olewa, na maumivu yakabaki palepale mpaka lile bovu nalo liondolewe. Alisema kwamba jambo hili aliliona mara kwa mara kwa vinyozi, ambao zama hizo ndio waliokuwa wakizunguka kung'oa watu meno.

Kisha akaeleza kazi yenyewe hatua kwa hatua. Ufizi utenganishwe na jino pande zote kwa kisu kidogo. Jino litikiswe taratibu kwa vidole au kwa koleo jepesi mpaka lilegee. Hapo ndipo lishikwe kwa koleo lenye nguvu, kichwa cha mgonjwa kikiwa kimebanwa kisitikisike, livutwe kwa kunyooka ili lisivunjike. Likiwa na tundu, tundu hilo lijazwe kwanza kitambaa kwa kushindiliwa, ili jino lisipondeke chini ya koleo. Aliwakemea vinyozi wajinga wanaovuta kwa pupa, kwa kuwa wao humwachia mgonjwa mzizi ndani ya taya akapata mateso makubwa kuliko yale ya mwanzo, au huvunja na kutoa kipande cha mfupa wa taya pamoja na jino. Baada ya kung'oa, alielekeza mgonjwa asukutue kwa siki na chumvi, na damu isipokoma, mahali pale pazibwe kwa dawa ya kukausha au pachomwe.

Alikuwa na mlango maalumu kwa meno yaliyoota mahali pasipo pake. Mengine aliyang'oa, na yaliyoshikamana na mwenzake aliyakata au kuyasugua kwa tupa, tena kidogo kidogo kwa siku nyingi ili jino lisitikisike. Hapa tunakaribia kabisa gego la mwisho la kijana wetu, ambalo aghalabu huleta taabu kwa sababu hiyohiyo: taya limeshajaa, nalo likakosa nafasi likaota limelala au likabaki nusu limefunikwa na ufizi, chakula kikanasa na usaha ukaanza. Meno yaliyolegea Az-Zahrawi aliyafunga pamoja kwa uzi wa dhahabu, akieleza kwamba fedha hubadilika rangi baada ya siku chache ilhali dhahabu hubaki ilivyo. Hata jino lililodondoka alieleza namna ya kulirudisha mahali pake, au kuchonga jingine kutoka mfupa wa ng'ombe na kulifunga kwa uzi huo.

Kijiji cha damu isiyokoma

Kuna habari moja katika At-Tasrif ambayo kila mzazi anayempeleka mwanawe kung'oa jino anapaswa kuijua. Az-Zahrawi alifika katika kijiji kimoja, wenyeji wakamweleza kwamba kwao wanaume wakipata jeraha kubwa hutokwa na damu mpaka kufa. Mmoja wao alimsimulia kwamba mwanawe alisugua fizi kwa mkono tu, damu ikaanza kutoka, isikome hadi mtoto akafariki. Az-Zahrawi alikiri kwamba hali hiyo hakupata kuiona popote pengine, na sababu yake haijui. Hata hivyo aliiandika, akapendekeza mahali panapotoka damu pachomwe haraka.

Leo ugonjwa huo unajulikana. Ni maradhi ya kurithi ambayo damu hukosa kitu cha kuigandisha. Aghalabu mama huyabeba bila yeye mwenyewe kuumwa, na mtoto wa kiume ndiye anayeugua. Tabibu wa meno anapouliza kama katika ukoo yupo aliyewahi kutokwa na damu nyingi baada ya kutahiriwa au kung'olewa jino, anauliza swali lenye uzito. Mwenye koleo wa mtaani hana desturi ya kuuliza, na damu ikimshinda hana pa kumpeleka mgonjwa ila palepale hospitali alipokwepa.

Moto na mipaka yake

Az-Zahrawi aliuamini sana moto. Milango yake ya kuchoma inazidi hamsini, na hata jino linaloumwa alilichoma: kwa samli ya ng'ombe iliyochemshwa na kupelekwa kwa pamba hadi kwenye tundu la jino, au kwa chuma chembamba cha moto kilichopitishwa ndani ya bomba dogo ili kinywa kisiungue. Waliomtangulia walipenda chuma cha dhahabu kwa kuchomea. Yeye akapendelea chuma cha kawaida, kwa sababu dhahabu ikiwa motoni si rahisi kutambua imepata moto kiasi gani, na ikizidi huyeyuka.

Mengi katika hayo tiba imeyaacha, na sisi hatuyaelezi ili mtu akayajaribu jikoni kwake. Tunayaeleza kwa sababu ya namna alivyofikiri. Hata chombo alichokipenda hakukitumia kwa kila mtu: alimtaka tabibu atazame kwanza hali ya mgonjwa na ugonjwa wenyewe, asishike chuma kabla hajajua ni kwa nini. Vilevile aliwaonya wanafunzi wake wasikubali kazi wasiyoiweza kwa tamaa ya fedha.

Mji uliungua, kitabu kikasafiri

Uzee wake uliangukia katika fitina. Mwanzoni mwa karne ya 11 watawala wa Andalus waligeukiana, na mwaka 1010 Madinatuz-Zahra ikavamiwa, ikaporwa na kuchomwa. Mji uliompa jina lake ukawa magofu kabla ya kutimiza karne moja. Wachimbaji walianza kuufukua mwaka 1911, na mwaka 2018 ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Az-Zahrawi mwenyewe hutajwa kuwa alifariki mwaka 1013, sawa na mwaka 404 Hijria. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Katika karne ya 12, Gerard wa Cremona alikifasiri kitabu cha upasuaji kwa Kilatini mjini Toledo, na Wazungu wakamwita mwandishi wake Albucasis. Guy de Chauliac, mpasuaji mashuhuri wa Ufaransa katika karne ya 14, alimtaja mara nyingi katika kitabu chake. Mwaka 1465, tabibu Sharafuddin Sabuncuoglu wa Amasya, katika nchi ya Uturuki ya leo, alitunga kwa Kituruki kitabu cha upasuaji kilichojengwa juu ya msingi wa Az-Zahrawi, akaongeza uzoefu wake na picha za matabibu wakiwa kazini. Mwaka 1497 tafsiri ya Kilatini ilipigwa chapa Venice, na mwaka 1778 maandishi ya Kiarabu yalichapishwa Oxford. Basi jibu la swali la pili ni kwamba elimu hii ilipita Ulaya, na kabla ya hapo ilipita Cordoba. Na Az-Zahrawi naye alikiri kuchukua kwa Wagiriki waliomtangulia.

Kutoka moto hadi mwanga

Sasa swali la kwanza. Wakati Az-Zahrawi akimaliza umri wake upande wa magharibi, mwenzake wa zama hizo, Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, alikuwa Cairo akiuchunguza mwanga: namna unavyosafiri kwa mstari ulionyooka, unavyorudi kwenye kioo na unavyoingia jichoni. Hatuna habari kwamba wawili hawa walikutana. Elimu zao, ya kisu na ya mwanga, zilikuja kukutana karne nyingi baadaye mikononi mwa watu wengine.

Tabibu Niels Finsen, aliyezaliwa mwaka 1860 katika visiwa vya Faroe, alitumia mwanga mkali wa taa ya umeme mjini Copenhagen kutibu kifua kikuu cha ngozi, na mwaka 1903 akapewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Mwaka 1967 mjini Budapest, tabibu Endre Mester alikuwa akichunguza kama mwanga wa leza unaweza kuleta saratani kwa panya. Aliwanyoa manyoya mgongoni na kuwamulika. Saratani hakuiona, ila aliona manyoya yakirudi upesi kwa wale waliomulikwa. Tangu hapo watafiti wamekuwa wakiutumia mwanga dhaifu, mwekundu na ule usioonekana ulio jirani na mwekundu, kujaribu kupunguza maumivu na kuharakisha vidonda. Mwanga huo hauunguzi. Inadhaniwa kwamba hufyonzwa na sehemu za chembe hai zinazozalisha nguvu, zikafanya kazi yake vizuri zaidi.

Kwamba mwanga unaweza kuwa dawa, hilo si la kushangaza. Wazazi wengi wamewahi kumwona mtoto mchanga mwenye manjano akilazwa chini ya taa ya buluu hospitalini. Mwanga ule huibadilisha rangi ya manjano iliyo mwilini ili iweze kutoka kwa choo na mkojo. Vilevile mwanga mwekundu umethibitika kuwasaidia baadhi ya wagonjwa wa saratani ambao vinywa vyao hupata vidonda kwa sababu ya tiba yao. Lakini kwa upasuaji wa gego la mwisho, matokeo yanatofautiana. Tafiti nyingine zimeona uvimbe na maumivu kupungua katika siku za mwanzo na kinywa kufunguka vizuri zaidi. Nyingine hazikuona tofauti ya maana. Kwa hiyo mwanga huo ni msaada unaowezekana. Hauchukui nafasi ya upasuaji uliofanywa vizuri, wala ya dawa za maumivu, wala ya uangalizi wa kidonda.

Tena kuna jambo ambalo bibi anapaswa kulijua kabla ya kuyagusa magunia yake. Baada ya upasuaji wa gego, uvimbe kwa kawaida hupanda hadi siku ya pili au ya tatu, kisha huanza kushuka wenyewe. Mgonjwa anayepelekwa kwenye taa siku ya nne akapata nafuu siku ya tano, ataisifu taa kwa kazi ambayo mwili ulikuwa tayari umeianza. Ndiyo maana watafiti hulinganisha waliomulikwa na wasiomulikwa, ili wasidanganyike kama yule mgonjwa wa Az-Zahrawi aliyeelekeza kidole kwenye jino zima.

Wala mtu asiichanganye tiba hii na taa ya buluu ambayo tabibu wa meno huitumia kugandisha dawa ya kuziba jino. Hiyo si ya kuponya kidonda. Balbu ya nyumbani na tochi ya simu pia si mbadala wake.

Yaliyo mikononi mwetu

Mambo yanayosaidia kwa yakini hayana gharama kubwa. Baada ya kutolewa jino, mgonjwa aume kitambaa safi alichopewa, bila kukitoatoa, mpaka damu itulie. Siku ya kwanza ashikize kitu cha baridi shavuni kwa vipindi, alale kichwa kikiwa juu kidogo, asisukutue kwa nguvu, asinyonye kwa mrija na asivute sigara, kwa kuwa lile donge la damu lililoganda ndani ya tundu ndilo funiko la mfupa. Baada ya saa 24 asukutue taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, hasa baada ya kula. Chumvi ya Az-Zahrawi bado ingali nasi. Ale uji, mtori na vyakula laini, apige mswaki kwa upole meno mengine, na anywe dawa kama alivyoelekezwa.

Zipo dalili zisizongoja taa wala safari. Damu isiyokoma baada ya kuuma kitambaa kwa muda, maumivu yanayozidi kuanzia siku ya tatu pamoja na harufu mbaya, homa, au uvimbe unaoendelea kukua baada ya siku ya tatu, vyote vinahitaji kurudi hospitali siku hiyohiyo. Uvimbe ukishuka chini ya taya kuelekea shingoni, mgonjwa akashindwa kumeza au akapumua kwa taabu, hapo ni dharura. Usaha wa jino unaweza kuziba njia ya hewa na kuua, na hili ndilo la kumweleza kwanza yule mjukuu wa pili anayekwepa hospitali kwa hofu.

Juzi tulimpigia simu bibi yetu wa Bombambili. Alitueleza kwamba tabibu alimwangalia kijana, akakisafisha kidonda, akamsisitizia dawa na maji ya chumvi. Uvimbe umeshuka na ameanza kula ugali, ingawa kwa upande mmoja. Mahindi bado yamo ghalani. Kuhusu yule wa pili, bibi alisema kwamba Jumatatu atamsindikiza yeye mwenyewe hospitali, na kwamba amekwishamsimulia habari ya mtoto aliyesugua fizi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na awarehemu waliotuachia elimu yenye manufaa. Tukutane Ijumaa ijayo, inshaallah.